Njia ya Kikatio na Saa ya Mgonjwa: Kupunguza Muda wa Kuchonga Taji la Jino

Jino lililooza sana, au lililotibiwa mzizi wake na kubakia ganda jembamba, haliwezi kuachwa hivyo hivyo kwa muda mrefu. Likipata nguvu ya kutafuna hupasuka, na likipasuka chini ya ufizi mara nyingi hakuna tena la kufanya ila kuling'oa. Kinga yake ni taji: jino hupunguzwa pande zote, kisha huvishwa kofia ngumu ya kauri au ya chuma inayolishika lote hadi karibu na ufizi.

Kwa utaratibu uliozoeleka, mgonjwa huhudhuria kliniki angalau mara mbili. Siku ya kwanza jino hupunguzwa, chapa ya meno huchukuliwa na kupelekwa maabara, na mgonjwa huondoka na taji la muda. Baada ya wiki moja au mbili hurudi kuvishwa taji la kudumu. Kwa anayeishi jirani, safari ya pili ni usumbufu mdogo tu. Kwa aliyepanda basi usiku kucha, ni nauli, siku za kazi zilizopotea na mahali pa kulala. Na wapo wasiorudi. Taji la muda halikutengenezwa ili likae miezi. Hulegea, mate na bakteria hupenya chini yake, na jino ambalo lingeokolewa huishia kwenye koleo.

Ndiyo sababu uchongaji wa taji kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, kazi inayoweza kukamilika mgonjwa akiwa bado kliniki, umepewa uzito mkubwa katika tiba ya meno. Mgonjwa wa kwanza kuhudumiwa kwa njia hiyo alitibiwa Zurich, Uswisi, mwaka 1985, kwa mfumo uliobuniwa na daktari wa meno Werner Mörmann akishirikiana na mhandisi Marco Brandestini. Kilichochongwa siku hiyo kilikuwa kijazio cha kauri, wala hakikuwa taji zima, na mashine yenyewe ilikuwa na sahani moja tu ya kukatia. Mashine za leo zina vikatio kadhaa, husogea katika pande nne au tano, na huchonga taji kamili kwa muda wa kati ya robo saa na nusu saa.

Robo saa na nusu saa zinaweza kuonekana karibu sawa. Kwa mgonjwa aliyeketi kwenye kiti cha matibabu hazifanani hata kidogo. Dawa ya ganzi inayotumika zaidi, lidokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini, hulifisha ganzi jino lenyewe kwa takribani saa moja, ingawa mdomo na shavu huendelea kuwa zito kwa saa tatu hadi tano. Katika saa hiyo moja jino hupunguzwa, picha ya kidijitali huchukuliwa, na taji husanifiwa. Kinachobaki ni kidogo. Mashine ikichelewa, mgonjwa ambaye jino lake bado lina uhai hurudi kwenye kiti akiwa na maumivu, au huchomwa sindano ya pili. Nyuma yake wako wengine wanaosubiri mashine hiyo hiyo moja.

Njia ya kikatio ni nini

Mashine haijui taji ni nini. Inachojua ni orodha ndefu ya nukta: nenda hapa, shuka kiasi hiki, sogea kwa mwendo huu, inuka, rudi. Kikatio ni fimbo nyembamba ya chuma kigumu, au iliyopakwa unga wa almasi, yenye ncha ya mviringo, inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mstari ambao ncha hiyo huufuata tangu kitofali cha kauri kikiwa kizima hadi taji linapokamilika ndio huitwa njia ya kikatio. Huandaliwa na programu ya kompyuta, lakini programu hufuata maelekezo ya fundisanifu: atumie vikatio vipi, kwa mpangilio upi, mistari ikaribiane kiasi gani, na mwendo uwe wa kasi gani.

Mashine ikionekana kuwa nzito, wengi hukimbilia kuongeza mwendo. Hilo ndilo jaribio la kwanza na ndilo duni kuliko yote. Kauri haipindi, huvunjika. Ikisukumwa kwa nguvu humeguka kingoni na kuachiwa nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo miaka miwili baadaye zinaweza kuwa chanzo cha taji kupasuka mdomoni. Kabla ya kugusa mwendo, yafaa kuuliza mashine inatumia wapi dakika zake. Majibu huwashangaza hata mafundi wazoefu, kwa sababu sehemu kubwa ya muda hupotea wakati kikatio hakikati kitu chochote.

Dakika zinazopotea hewani

Mkulima anayelima kwa plau anajua kwamba shamba fupi na pana huchosha ng'ombe kuliko shamba refu na jembamba, ingawa eneo ni lile lile. Kinachochosha ni kugeuza. Taji la jino ni shamba fupi kupita kiasi: upana wake ni milimita 10 hivi. Njia iliyopangwa kwa mistari ya kwenda na kurudi hulazimisha kikatio kisimame, kiinuke, kigeuke na kushuka tena kila baada ya milimita chache. Kikiinuliwa mara 400 katika kazi moja, na kila kuinuka na kushuka kukachukua sekunde moja, dakika 6 na sekunde 40 zimekwenda bila chembe ya kauri kuondolewa.

Dawa yake ni njia ya mzingo. Kikatio huanza juu ya taji na kuzunguka kikishuka taratibu, kama kamba iliyozungushwa kwenye pia, bila kuinuka hadi kufika ukingoni. Pale ambapo kuinuka hakuepukiki, programu huelekezwa ikiinue kikatio nusu milimita tu juu ya kauri. Isikipeleke hadi kwenye kimo cha usalama kilichowekwa na mtengenezaji kwa ajili ya kazi zote. Kimo hicho kinafaa kwa kuanza na kumaliza. Kukitumia katikati ya kazi ni sawa na mtu anayetoka nje ya nyumba kila anapotaka kuhama chumba.

Upo upotevu mwingine wa aina hii usioonekana kirahisi. Kitofali cha kawaida cha kuchongea taji moja kina vipimo vya takribani milimita 12 kwa 14 kwa 18, yaani ujazo wa karibu milimita za ujazo 3,000, na taji lenyewe halifikii hata sehemu ya tano ya hapo. Kilichobaki chote ni cha kuondolewa. Programu ikidhani kitofali ni kikubwa kuliko kilivyo, kikatio hupita tabaka kadhaa za mwanzo kikikata hewa tupu, polepole na kwa uangalifu kana kwamba kinakata kauri. Anayesikiliza mashine atalitambua hilo kwa masikio: mlio haubadiliki kwa dakika nzima.

Kona moja inayochelewesha kazi nzima

Katika hatua ya kukwangua, ambapo wingi wa kauri huondolewa, tatizo ni mzigo usio sawa. Kikatio kinapopita kando ya ukuta ulionyooka hugusa kauri kwa sehemu ndogo ya mzingo wake. Kikiingia kwenye kona ya ndani, kauri hukikumbatia pande mbili, na mzigo unaweza kuongezeka maradufu kwa kufumba na kufumbua. Hapo ndipo vikatio huvunjika. Fundi aliyewahi kuvunjikiwa hupunguza mwendo, na hupunguza mwendo wa programu yote. Matokeo yake dakika kumi za njia iliyonyooka huenda kwa mwendo wa kinyonga ili kukilinda kikatio katika sekunde chache za kona.

Programu za kisasa hupanga njia kwa namna nyingine. Kikatio hakiingii konani moja kwa moja. Huila kona kwa vipinde vidogo vidogo, kila kimoja kikiondoa unene mwembamba, ili sehemu ya kikatio inayogusa kauri ibaki ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Njia inakuwa ndefu zaidi kwenye ramani, lakini kwa kuwa mzigo haurukiruki, mwendo unaweza kupandishwa kwa usalama na kikatio kikashuka kwa kina kikubwa zaidi kila mara. Ndiyo maana urefu wa njia pekee si kipimo cha muda. Njia ndefu isiyo na mshtuko huweza kumaliza kazi mapema kuliko fupi yenye kona kali.

Jambo jingine ni kwamba mwendo ulioandikwa kwenye programu si lazima uwe mwendo halisi. Mashine ndogo za kliniki hazina nguvu ya kushika kasi na kuiacha papo hapo. Njia iliyojaa pembe kali, au iliyogawanywa katika vipande vifupi visivyo na idadi, huilazimisha mashine kupunguza kasi katika kila kiungo, hata ikiwa skrini inaonyesha milimita 2,000 kwa dakika. Kulainisha njia huongeza kasi ya kweli bila kubadilisha namba yoyote ya mwendo.

Matuta na ukaribu wa mistari

Ncha ya mviringo ikipita mstari baada ya mstari huacha matuta madogo katikati, sawa na matuta ya viazi. Kimo cha tuta hutegemea nafasi kati ya mistari na ukubwa wa ncha, na hukadiriwa hivi: nafasi zidisha kwa nafasi, gawanya kwa nane, gawanya tena kwa nusu kipenyo cha kikatio. Kwa kikatio chenye kipenyo cha milimita 1, nafasi ya milimita 0.1 huacha tuta la mikroni 2.5, yaani sehemu 2.5 za elfu moja ya milimita. Nafasi ya milimita 0.2 huacha tuta la mikroni 10. Nafasi ikiongezeka mara mbili, tuta huongezeka mara nne.

Upande wa pili wa hesabu ni muda. Taji lenye jumla ya eneo la milimita za mraba 400, ndani na nje, likipitiwa kwa nafasi ya milimita 0.1 hudai njia ya mita 4. Kwa mwendo wa milimita 1,000 kwa dakika, hizo ni dakika 4. Kwa nafasi ya milimita 0.05 ni dakika 8. Anayechagua 0.05 kwa taji zima hulipa dakika 4 ili kushusha tuta kutoka mikroni 2.5 hadi chini ya mikroni 1, tofauti ambayo hupotea mara tu taji linapong'arishwa au kupakwa glezi. Hapo ukamilifu ni ubadhirifu.

Ubadhirifu mkubwa zaidi hutokana na kikatio kidogo kabisa, kile cha milimita 0.6 kinachochimba mifereji kati ya vilele vya jino la kutafunia. Kikielekezwa kupita taji zima kwa nafasi ya milimita 0.06 na mwendo wa milimita 600 kwa dakika, hutumia zaidi ya dakika 11. Kikielekezwa mahali ambapo kikatio kikubwa hakikuweza kufika tu, tuseme milimita za mraba 40 za mifereji, kazi hiyo huisha kwa dakika moja na sekunde chache. Katika marekebisho yote yaliyoelezwa hapa, hili ndilo lenye faida kubwa kwa juhudi ndogo, na kwenye programu nyingi huhitaji kuchagua kipengele kimoja tu.

Mahali pasipoguswa

Yote hayo yana mpaka mmoja, nao ni ukingo wa taji: mstari mwembamba ambapo kauri hukutana na jino karibu na ufizi. Mwaka 1971 McLean na von Fraunhofer, baada ya kufuatilia mataji na vijazio zaidi ya 1,000 kwa miaka mitano, walieleza kwamba nafasi isiyozidi mikroni 120 kati ya taji na jino inakubalika kitabibu. Namba hiyo bado hutajwa hadi leo, ingawa madaktari wengi hulenga chini yake. Nafasi ikiwa pana, saruji inayolishika taji hubaki wazi mate yakiilamba. Huliwa taratibu, utando wa bakteria hujikusanya, ufizi hutoka damu, na jino huanza kuoza chini ya taji mahali ambapo mgonjwa haoni na mswaki haufiki.

Kauri ya ukingoni ni nyembamba, na humeguka hasa kikatio kinapotoka nje kwa kuusukuma. Kwa sababu hiyo njia ya mwisho inafaa iufuate ukingo kwa kuuzunguka badala ya kuukata kwa kuuvuka, mzigo ukiwa mwepesi na mwendo wa chini. Fundi aliyeokoa dakika nane kwenye kukwangua na kwenye mifereji ana haki ya kurudisha moja ukingoni. Anayetafuta dakika hapo anaiba kwa mgonjwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo huanzia kwa daktari, kabla mashine haijawashwa. Ndani ya taji huchongwa kwa kikatio chenye unene wake. Iwapo jino lililopunguzwa limeachwa na kilele kikali, chembamba kuliko kikatio, hakuna njia yoyote inayoweza kuchonga shimo linalolingana nalo. Programu hufanya moja kati ya mawili: hukata zaidi ndani ili taji liingie, na hivyo taji huwa jembamba na lenye pengo, au huacha kauri pale, na taji hugoma kukaa. Daktari anayeviringisha pembe za jino kwa sekunde thelathini humwondolea fundi usumbufu ambao hakuna programu inayoweza kuutibu.

Pale ambapo mashine si kikwazo

Kabla ya kutumia wiki nzima kurekebisha njia za kikatio, kliniki inapaswa kuitazama safari yote ya taji. Lithiamu disilikati huchongwa ikiwa bado laini kiasi, na rangi yake ni ya zambarau au buluu. Kisha huchomwa kwenye tanuri kwa takribani nyuzi 840 hadi 850 za Selsiasi, ambapo hupata rangi ya jino na nguvu yake huongezeka zaidi ya mara mbili. Hatua hiyo huchukua nusu saa hivi, kwa hiyo dakika kumi zilizookolewa kwenye uchongaji zinamfikia mgonjwa siku ile ile.

Zirkonia ni habari nyingine. Huchongwa ikiwa kama chaki, kubwa kuliko inavyotakiwa kwa sababu itasinyaa kwa asilimia 20 hivi, kisha huchomwa kwa nyuzi karibu 1,500. Kwenye tanuri la kawaida uchomaji huo hudumu saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Kwa kliniki yenye tanuri la namna hiyo, kuharakisha uchongaji wa taji moja hakumsaidii mgonjwa wa leo, kwani atarudi kesho vyovyote iwavyo. Faida yake ipo kwenye idadi: mataji mengi zaidi huingia tanurini kabla ya jioni. Yapo matanuri ya kasi yanayofupisha uchomaji hadi chini ya saa moja, lakini hufaa tu kwa zirkonia ambayo mtengenezaji ameruhusu ichomwe hivyo.

Vumbi nalo lisisahauliwe. Zirkonia nyingi huchongwa bila maji, na programu iliyofupishwa hutoa vumbi lile lile kwa muda mfupi zaidi. Kifyonza vumbi chenye mfuko uliojaa, kilichoonekana kutosha kwa programu ya zamani, huenda kisitoshe kwa mpya. Anayevuta hewa hiyo kila siku ni fundisanifu.

Kuijaribu programu mpya

Mabadiliko hufanywa moja moja. Taji lile lile huchongwa kwa programu ya zamani na kwa mpya, muda ukipimwa kwa saa halisi, maana makadirio ya kompyuta mara nyingi huahidi kuliko mashine inavyotimiza. Mataji yote mawili huwekwa kwenye mfano wa jino na ukingo kuchunguzwa kwa kioo cha kukuza, kisha kwa ncha ya kifaa cha uchunguzi ikipitishwa kutoka jino kwenda taji na kurudi. Kimeguko kimoja kinachohisiwa ukingoni kinatosha kuirudisha programu mezani. Vikatio navyo huhesabiwa: kikatio kilichochakaa huharibu njia iliyopangwa vizuri, na kikivunjika kikiwa kazini hupoteza kitofali kizima pamoja na dakika zote zilizookolewa tangu asubuhi.

Mgonjwa aliyevishwa taji siku hiyo hiyo anaelezwa arudi bila kusubiri iwapo uzi wa kusafishia meno unachanika kila unapopita ukingoni, ufizi unaendelea kutoka damu mahali pamoja, au akiuma meno taji linagusa kabla ya mengine. Anaporudi na mojawapo ya malalamiko hayo, pamoja na kinywa chake kuchunguzwa, kumbukumbu ya uchongaji hufunguliwa: ni programu ipi iliyotumika, na kikatio kilikuwa kimekwisha kuchonga mataji mangapi kabla ya lake.